Tokeni Kwanza Ndipo Mpewe

Jina la Mama Kanuni alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, siku ya msiba wa baba mkwe. Wageni walikuwa wengi, sufuria zilikuwa chache, naye alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akikataa kumpakulia mtu yeyote kabla wazee na watoto hawajala. Hata mumewe alirudishwa na sahani tupu.

"Jamani, njooni mumwone wifi yangu," yule dada alipaza sauti. "Huyu akiazima chumvi kwa jirani anadai aandikiwe risiti! Ukimsalimia asubuhi anakuuliza nani kakupa kibali cha kuamka."

Watu walicheka msibani, na jina likashika. Lilimfuata mtaani, likamfuata mpaka kazini, na mwenyewe hakulikasirikia. Alikuwa mtumishi wa halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii, meza ya mwisho kwenye korido ya chini, mahali ambapo dirisha halifungi, na mvua ya upepo ikija lazima mafaili yahamie kwenye kiti cha wageni. Halmashauri ilikuwa na majengo ambayo shughuli zake zilihama au zilikufa: maghala, vyumba vya walinzi, ofisi ndogo zilizofungwa na kusahauliwa. Vikundi vya wananchi viliyataka majengo hayo, na Mama Kanuni ndiye aliyewashika mkono tangu siku wanayokuja na wazo tu kichwani mpaka siku wanayokabidhiwa ufunguo. Aliwaandikisha, aliwafundisha kuendesha mkutano, aliwasindikiza kwenye ukaguzi, akawatetea kwenye kikao. Ghala la mbolea lililojaa popo alilisimamia mpaka likawa karakana ya mafundi seremala. Kibanda cha mizani alikisimamia mpaka vijana wakafungua maktaba ndani yake. Hakuwahi kunywa hata soda ya kikundi. Akialikwa kwenye ufunguzi alikwenda na chupa yake ya maji, akapiga makofi kwa dhati, akaondoka kabla ya chakula.

Wapo wanaodhani uadilifu wa namna hiyo ni ukavu wa moyo. Mama Kanuni alikuwa ameona majengo ya umma yakienda kwa mashemeji wa wakubwa, moja baada ya jingine, kwa kukonyezana tu. Alijua kwamba jengo likitolewa kwa kujuana, anayenyang'anywa ni yule asiyejuana na mtu yeyote. Kwa hiyo alishika kanuni kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Nami nasema alikuwa sahihi, na sitalirudisha neno hilo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Yaliyotokea yalianzia kwenye ofisi ya zamani ya kulipia maji.

Zamani watu walipanga foleni pale kulipa ankara zao. Siku hizi kila mtu analipa kwa simu, na ofisi ilifungwa. Kilichobaki ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa na viatu ikawa laini kama sahani, madirisha madogo ya makarani yenye nondo, na bomba la chuma lililochimbiwa sakafuni kwa nguzo fupi. Bomba hilo lilianzia mlangoni, likafuata ukuta, likakunja kona na kurudi, ili foleni isivunjike na wajanja wasichomekee mbele. Lilikuwa usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mikono ya watu wengi kwa miaka mingi ilikuwa imeling'arisha.

Wifi yake Mama Kanuni alikuwa mfagiaji wa ofisi hiyo mpaka ilipofungwa. Ufunguo ulibaki kwake kwa sababu hakuna aliyekuja kuuchukua. Nyumbani alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto wa bintiye, aliyezaliwa na miguu isiyo na nguvu. Siku moja alimbeba mgongoni akaenda naye kufagia jengo, kwa mazoea tu, maana hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Akamketisha sakafuni karibu na lile bomba. Alipogeuka na ufagio wake, mtoto alikuwa amelikamata kwa mikono miwili, amejivuta, amesimama.

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko tangazo la redio. Akina mama wenye watoto wa aina hiyo walikuwa wengi kuliko mtaa ulivyojua, kwa kuwa wengi waliwaficha. Walianza kuja mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Walileta mikeka, magodoro ya zamani, mito. Walipeana zamu: wawili wanabaki na watoto, wengine wanakwenda kwenye shughuli zao. Mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali alipita kuwaona, akaliangalia bomba lile kwa muda, akasema hata wodini kwao hawana kitu kirefu namna hiyo. Watoto walilishika wakatembea ubavu-ubavu, kama kaa, mpaka kwenye kona, wakajifunza kukunja kona. Wakubwa kidogo walifika dirisha la karani wa mwisho na kugonga: "Nimekuja kulipa!" Na aliyekuwa zamu ndani anajibu, "Mtandao uko chini, rudi tena mwanzo!" Nao wanarudi wakicheka, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi.

Wakati huo wote Mama Kanuni alijua. Ni jengo la halmashauri, na waliomo hawana karatasi hata moja. Alijua na alinyamaza, kwa sababu hakuna aliyeleta ombi mezani kwake. Lakini halmashauri ilitoa tangazo kwamba majengo yake yote yatahakikiwa, na wote waliomo bila idhini watahesabiwa kuwa wavamizi. Asubuhi iliyofuata wifi yake alikuwa kwenye benchi la korido, amevaa kilemba chake kizuri, anasubiri zamu yake kama watu wengine.

"Karibu. Jina la kikundi?" Mama Kanuni aliuliza, kalamu tayari.

"Wifi, leo hunijui?"

"Nyumbani nakujua. Hapa naandikisha kikundi."

"Haya, dada karani. Andika: Kikundi cha Wifi Yako Anayekupikia Ukiumwa."

"Jina halisi, wifi. Kuna watu nyuma yako."

Wifi aligeuka kuwaangalia wale wa nyuma. "Mnamsikia? Huyu kaolewa kwetu kwa ng'ombe wa baba yangu." Korido nzima ilicheka, na Mama Kanuni naye alicheka, ila kalamu haikushuka. Wakaandika jina halisi.

Tangu siku hiyo aliwatendea kama alivyowatendea mafundi seremala na vijana wa maktaba, wala si zaidi. Kama kuna tofauti, aliwabana zaidi. Katiba yao aliirudisha mara kadhaa kwa makosa ambayo wengine angewasaidia kuyarekebisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliogopa mtu asije akasema ofisi ya maji imekwenda kwa mawifi. Wifi alilalamika kwa kila ndugu aliyekuwa tayari kusikiliza, lakini kila aliporudishwa alirekebisha, akarudi. Walifika mbali. Ilibaki hatua moja kabla ya kikao.

Hatua hiyo ilikuwa ukaguzi, na kanuni yake haikuwa na kona. Jengo linaloweza kukabidhiwa kwa kikundi ni lile ambalo limekaguliwa na kuthibitishwa kuwa wazi, halina mtu wala kitu. Likiwa na watu ndani bila idhini, lina wavamizi, na wavamizi hawapewi, wanaondolewa. Kwa maneno mengine, ili wapewe jengo, ilibidi kwanza watoke, warudishe ufunguo, wasubiri.

Mkaguzi wa majengo alikuwa mwanaume mnene, mcheshi, asiye na ubaya na mtu. Alikuja mezani kwa Mama Kanuni akaketi juu ya mafaili.

"Mama, hii ya watoto isikuumize kichwa. Nitakwambia siku ya kuja kukagua. Asubuhi watoe mikeka waiweke kwa jirani, mimi naingia, naandika jengo ni wazi, napiga picha zangu. Jioni wanarudi kulala na bomba lao. Kikao kikipitisha, kimepitisha."

"Kwa hiyo utaandika kitu ambacho si kweli."

"Saa nne asubuhi kitakuwa kweli kabisa!"

"Na saa kumi?"

"Saa kumi mimi nitakuwa nyumbani nimevua viatu." Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake, na anaangaliwa. "Mama, wote wanafanya hivi. Unafikiri wale seremala wako walihama?"

"Walihama. Niliwahamisha mimi."

Mkaguzi alikuna shingo. "Basi Mungu akulinde, dada yangu. Mimi nimekwambia kwa nia njema."

Na ni kweli alikuwa na nia njema. Uongo mdogo unaofanywa na kila mtu huacha kuonekana uongo, huitwa utaratibu, na asiyeufuata ndiye anayeonekana mkorofi. Jioni hiyo mumewe, fundi wa saa na mtu wa maneno machache, alimwambia wakiwa mezani, "Ni dada yangu, lakini sisemi kwa sababu hiyo. Nasema kwa sababu ya watoto. Waache wakae."

"Nikiwaacha, nikaandika wametoka, siku atakapotokea mtu wa kuwachimba atasema walipata kwa uongo wa wifi yao. Watanyang'anywa, na safari hiyo hawatarudi kamwe. Nataka wapate jengo ambalo hakuna wa kuwatoa."

Mumewe aliitafuna hoja hiyo pamoja na chakula chake. Haikuwa na pa kushikwa. Akasema, "Haya," akanyanyua sahani yake akaenda kuiosha.

Siku aliyokwenda kuwaambia, akina mama walikaa sakafuni, watoto wakiendelea na safari zao kwenye bomba. Aliwaeleza yote, polepole, bila kuficha. Wifi alikuwa amekunja mikono kifuani. Aliyesema wa kwanza ni Mama Pacha, mwanamke mwembamba aliyezaa mapacha, mmoja akawa anakimbia na mwingine hakai bila kushikiliwa. Mvulana huyo asiyekaa alikuwa mzito, na mama yake alikuwa akimbeba kila mahali kama mtu aliyebeba gunia lake mwenyewe.

"Mama Kanuni, mimi sijui mambo ya ofisi. Niambie kitu kimoja tu. Tukitoka, tutarudi?"

Kanuni ilikuwa upande wao. Maombi yao yalikuwa safi kuliko yote aliyowahi kuyapeleka. Hakuna kikundi kingine kilichoomba jengo lile.

"Mtarudi," alisema.

Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwahidi mtu jambo ambalo uamuzi wake hauko mikononi mwake. Sijui kwa nini alisema siku hiyo. Labda ni kwa sababu mvulana yule mzito alikuwa amelala mapajani mwa mama yake mdomo wazi, na mtu anayemwona mtoto namna hiyo hawezi kujibu "itategemea kikao".

Walitoka Jumamosi. Walipiga deki, wakafuta nondo za madirisha, wakatoa utando wa buibui, hata ule walioukuta tangu zamani. Waliiacha ofisi ya maji safi kuliko halmashauri ilivyowahi kuiweka yenyewe. Wifi alifunga mlango, akamkabidhi ufunguo, na Mama Kanuni akamwandikia hati ya kupokea.

"Si niliwaambia?" wifi aliwageukia wenzake. "Siku ile ilikuwa risiti ya chumvi, leo mnaona wenyewe." Walicheka, lakini walikuwa tayari wameanza kutembea, mikeka kichwani na watoto mgongoni.

Ukaguzi ulifanyika bila tatizo. Mkaguzi, kwa kutaka kuwasaidia, aliandika sifa zote alizoziona: jengo imara, paa halivuji, sakafu nzuri, mlango mpana, lipo barabarani, ni safi. Aliandika vizuri kupita kiasi. Karatasi hiyo ilisomwa kwenye kikao cha wakuu wa idara pamoja na orodha ya majengo mengine yaliyo wazi, na mkuu wa idara ya masoko na usafi wa mji akanyanyua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Hilo la barabarani lenye mlango mpana liko wapi? Mimi nina mikokoteni na meza za wamachinga tunazokamata, zinalala nje, zinaoza, wenyewe wanazidai. Nimeomba ghala mwaka wa ngapi huu?"

Kanuni ilikuwa na kifungu kinachosema jengo likiwa wazi, idara za halmashauri zina haki ya kwanza, ndipo wananchi. Mama Kanuni alikijua kifungu hicho. Hakikuwahi kutumiwa tangu aajiriwe, kwa sababu majengo aliyoyashughulikia yalikuwa magofu ambayo hakuna idara iliyoyatazama mara mbili. Hili lilitazamwa kwa sababu lilikuwa limetunzwa.

Alisimama. Alieleza habari za watoto, bomba, mtaalamu wa hospitali, tangazo, maombi yaliyokamilika. Alisema kwa mpangilio na kwa heshima, kama kawaida yake. Wakuu walimsikiliza, na wawili watatu walitikisa vichwa kwa huruma ya kweli. Kisha mwenyekiti wa kikao akamuuliza kwa upole:

"Mama, hao watu wamo ndani ya jengo?"

"Hapana. Walishatoka."

"Kwa hiyo liko wazi."

"Liko wazi kwa sababu walitii."

"Nakuelewa. Lakini kifungu cha haki ya kwanza unakijua kuliko sisi sote hapa. Au nimekosea?"

Kulitokea kicheko kidogo, cha upendo tu, maana jina lake lilijulikana.

"Hukukosea," alisema, akaketi.

Hakukubali kushindwa hapo. Aliandika rufaa. Ikarudi na jibu kwamba utaratibu ulifuatwa, jambo ambalo hakuwa amelipinga. Alikwenda kwa diwani wa kata, akamkuta barazani kwake amekalia kiti cha plastiki, anakata kucha.

"Aa, Mama Kanuni! Wale wa ofisi ya maji? Lakini ungeniambia wakiwa ndani!" Diwani alisikitika kwelikweli. "Watu walio ndani, mama, mimi ningekuja na waandishi wa habari, ningesimama mlangoni, nani angethubutu kumtoa mtoto kilema? Hizo ni kura. Lakini walio nje... walio nje wako nje. Nitamtoa nani nimwingize nani?"

"Kwa hiyo wangekaidi, ungewasaidia."

"Nisingekuwa na njia nyingine!"

Alirudi kwa njia ya ofisi ya maji. Mlango ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na sauti kali ya msumeno wa umeme na cheche. Mafundi wawili walikuwa wanalikata bomba, kwa kuwa lilizuia mikokoteni kupita. Sehemu ya mlangoni ilikwishalala chini vipande vipande, na nguzo zilikuwa zimebaki sakafuni kama visiki.

"Simameni kwanza," aliwaambia. "Tafadhali, simameni."

Fundi alizima msumeno, akavua miwani. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hilo bomba msilikate."

"Sawa mama. Una barua?"

Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumsimamisha mtu bila barua, na aliwadharau wakubwa waliofanya hivyo kwa kunyoosha kidole tu. Kijana alisubiri, mashine mkononi. Hakuwa anamdhihaki. Alihitaji barua, kama mtu yeyote mwenye kazi halali anavyoihitaji.

"Sina," alisema.

"Basi samahani, mama. Sogea kidogo, cheche zisikufikie."

Alisogea. Alisimama pale mpaka wakafika kwenye kona.

Wapo watakaosema alivuna matunda ya ugumu wake. Nimewasikia, na wengine wao ni watu wazima wenye watoto wa kuwafunza. Mimi nawauliza: kosa liko kwa aliyetii, au kwa nyumba inayomwadhibu anayetii na kumtuza anayekaidi? Kama jibu lenu ni la kwanza, basi wafundisheni watoto wenu hivyo waziwazi, msiwafiche. Lakini nikisha kusema hayo, bado siwezi kumwondoa Mama Kanuni pale mlangoni, na maneno yangu hayasimamishi msumeno.

Kwa wifi alikwenda mwenyewe, kwa miguu, jioni hiyohiyo. Alimkuta uani anaanua nguo. Mjukuu alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa mbele. Tangu watoke alikuwa amesimama mara chache tu, kwa kushikilia beseni, na beseni lilipinduka akaogopa.

Mama Kanuni alisema yote akiwa amesimama. Wifi aliendelea kukunja kanga, pembe kwa pembe, mpaka ikawa ndogo kabisa na haikunjiki tena.

"Bomba pia?"

"Bomba pia."

"Wote nimewaambia wewe ni mtu wa kweli," wifi alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na utani wake wote ulikuwa umekauka. "Mama Pacha alitaka kugoma kutoka. Nikamwambia, huyu akisema mtarudi, mtarudi, huyu hajui kudanganya. Ungekuwa mwongo, wifi. Kidogo tu. Mwongo wa siku moja, asubuhi mpaka jioni. Tungekuwa ndani."

"Najua."

"Basi kaa, usisimame kama mgeni." Akamtolea kigoda. Mama Kanuni aliketi. Mtoto akaomba maji.

Halmashauri haikuwa na roho mbaya. Mkuu wa idara yake, aliyeguswa na suala hilo, alihangaika akawapatia kikundi chumba kingine, na akamwita Mama Kanuni kumweleza kwa furaha. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye mwanga, karatasi zake ni safi, hakuna idara inayokitaka. Kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya bohari ya zamani ya vitabu vya shule.

"Bosi, hawa ni watoto wasiotembea."

"Najua, mama. Ndiyo kilichopo. Wakikataa nitaandika wamekataa, na kikundi kinachokataa jengo kinarudi nyuma ya foleni. Unajua."

Alijua. Aliwapelekea habari hiyo bila kuipamba. Safari hii hakuahidi chochote, na hakuna aliyemuuliza. Wengine walisema basi, wakarudi na watoto wao majumbani, na sijui habari zao. Wengine, na wifi akiwa mbele yao, walisema watapanda.

Ngazi za bohari ni nyembamba, za saruji, na katikati zinakunja ghafla, hivi kwamba aliyebeba mtoto mrefu lazima ageuke kinyumenyume ili miguu ya mtoto isigonge ukuta. Chumbani juu hakuna cha kushika. Mafundi seremala wa ghala la mbolea waliahidi kutengeneza reli ya mbao, nao ni watu wa neno lao, lakini ukuta ni wa matofali mabovu na misumari inatoka na vumbi lake. Kwa sasa watoto wanaketi. Mtaalamu wa mazoezi alikuja mara moja, akapima goti la mjukuu wa wifi kwa mkono, akasema limeanza kukaza, waendelee kulinyoosha. Kisha akashuka.

Asubuhi Mama Kanuni hupitia pale kabla ya kazi. Hakuna aliyemwomba. Siku ya kwanza alifika tu, akavua viatu vya ofisini, akaviweka pembeni mwa ngazi, akachuchumaa mbele ya mvulana mzito wa Mama Pacha na kusema, "Nipandishieni mgongoni." Goti la wifi halikuwa zima, na Mama Pacha alikuwa na mtoto mwingine wa kupeleka shule. Tangu hapo imekuwa hivyo. Anachelewa kazini, na kwa sababu ni yeye, anaandika saa yake halisi ya kuingia kwenye kitabu cha mahudhurio, wakati wenzake wanaofika baada yake wanaandika saa moja na nusu. Amekwisha kupewa onyo la kwanza. Alilisoma, akalisaini, akasema onyo hilo ni halali.

Haisaidii sana. Anayepanda asubuhi lazima ashushwe jioni, na jioni yeye yuko mezani kwake kwenye korido, anawaeleza wengine hatua za kufuata. Wanaowashusha ni akina mama wenyewe, wamechoka, mmoja anatangulia chini kukinga mwingine akiteleza. Siku za mvua ngazi huloa na hawaji kabisa.

Juzi alikuwa amembeba mjukuu wa wifi, ambaye ni mwepesi, na wifi alikuwa nyuma yao anapanda kwa kushika ukuta, goti linalia. Kwenye kona mtoto alimkumbatia shingo kwa nguvu.

"Bibi, unahema."

"Nimezeeka, mjukuu wangu."

"Si uzee," wifi alisema kutoka chini yao. "Ni mafaili. Miaka yote hiyo kubeba makaratasi ya watu, kifua kimejaa mihuri."

Mama Kanuni alitaka kucheka lakini pumzi haikutosha. Aligeuka kinyumenyume kama inavyotakiwa, akatafuta ngazi inayofuata kwa kisigino, akaipata. Alimfikisha juu, akamketisha kwenye mkeka dirishani, akamnyoosha goti kama walivyofundishwa mpaka mtoto akasema basi. Kisha akashuka. Pale chini watoto wengine walikuwa bado wanasubiri kupandishwa, na saa ya kuingia kazini ilikuwa imeshapita.